Nusu ya siku ni masaa sita au siku saba?

Mama alikuwa amekaa vizuri tu, miwani kaipandisha juu ya paji la uso, mimi nina fomu ya maswali ya afya ya akili na kalamu, nafanya kazi niliyoamini ndo nyepesi kuliko zote kwenye mradi mzima, yaani kumsomea mtu swali, kumsomea majibu manne, achague moja, niweke tiki, tusonge mbele. Swali lilikuwa la usingizi. Nikamsomea majibu: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Akafikiri kidogo akasema, "Zaidi ya nusu ya siku." Nikaweka tiki, alama mbili, tayari nimeshafungua mdomo niende swali linalofuata.

Sijui nini kilinituma nikamuuliza, mama samahani, hiyo nusu ya siku umeihesabu vipi?

"Si hivi, mwanangu. Saa tatu usiku niko kitandani, macho makavu, mpaka alfajiri ndo kausingizi kananipitia. Hesabu mwenyewe, inapita nusu ya siku au haipiti?"

Nikahesabu. Siku kwake ni masaa 12, nusu yake sita. Inapita. Nikamuuliza na hiyo inatokea siku ngapi kwa wiki, akashangaa swali lenyewe. Kila siku, tangu mwezi juzi.

Fomu ya Kiingereza ilikuwa inauliza kuhusu wiki mbili, na ilitaka siku, nyingi, kati ya zile 14. Sisi tukaandika "siku", na siku kwenye Kiswahili ni siku, iwe moja iwe mia, neno halitingishiki. Kwaiyo mama kajibu masaa, kajibu kwa uaminifu kabisa, na mimi nimemwandikia alama 2 wakati alistahili 3. Alama moja tu utasema. Ila hilo jibu liko kwenye maswali yote tisa, na ile fomu ilikuwa imeshajazwa na watu wengi kabla yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza wanahesabu nini.

Tangu siku ile nimekuwa mtu msumbufu kwenye vikao vya madodoso. Nimekubali.

Kwa ambao hawako kwenye haya mambo: dodoso la kujijazia (wengine wanasema hojaji) ni ile karatasi au skrini inayokuuliza wewe mwenyewe hali yako, umelalaje, unakula vipi, unajionaje, alafu majibu yako yanageuzwa namba, namba zinajumlishwa, na jumla ndo inaamua kama utaitwa uonane na mtaalamu au utaambiwa nenda nyumbani. Sio kitu kipya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Robert Woodworth alitengeneza orodha ya maswali zaidi ya 100 ya ndiyo na hapana, lengo likiwa kuwachuja wanajeshi ambao akili zao zingeshindwa kuhimili vita. Vita viliisha kabla halijatumika sawasawa, ila wazo likabaki: badala ya daktari kukaa na kila mtu, mpe kila mtu karatasi. Mwaka 1961 Aaron Beck na wenzake wakaja na lao la sonona (huzuni nzito isiyoisha, Kiingereza depression) lenye vipengele 21, alafu 1965 Zung na lake la vipengele 20, na toka hapo hayahesabiki.

Hilo la mama lilikuwa PHQ-9, pengine ndo linalotumika sana kuliko yote siku hizi. Kroenke, Spitzer na Williams walilichapisha 2001. Maswali tisa, kila moja 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Ukifika 10 unaonekana una dalili za sonona za kufuatiliwa. Linapatikana bure, ni fupi, limetafsiriwa kwa lugha chungu nzima, na linafuata dalili tisa zilezile ambazo wataalamu wa Marekani wanazitumia kutambua sonona. Silisemi vibaya. Nalitumia. Ninachosema ni kwamba karatasi inapimwa kwa kile msomaji alichokielewa, na kile tulichokusudia sisi ofisini hakina msaada wowote kwake.

Watu wa takwimu hapa huwa wananikatiza. Wanasema si ndo maana kuna vipimo vya ubora? Kuna alfa ya Cronbach, ipo tangu 1951, inakuambia kama maswali yako yanaenda pamoja. Ni kweli, na ya kwetu ilitoka nzuri, watu wakapongezana. Sasa fikiria: kama kila mtu anaisoma "nusu ya siku" kama masaa, na anaisoma hivohivo kwenye maswali yote tisa, majibu yatapangana vizuri tu, alfa itapanda, na hakuna namba itakayopiga kelele. Kosa likiwa la watu wote linaonekana kama utaratibu. Na kuna ujanja mwingine wa kuipandisha, nimeuona kwa macho yangu: uliza kitu kimoja mara nne kwa maneno tofauti kidogo, una huzuni, umejisikia huzuni, umekuwa mwenye huzuni, huzuni imekujia. Alfa inapaa. Umepima huzuni mara nne na hujapima kitu kingine.

Na tafsiri? Tulifuata taratibu zote aisee. Mmoja alitafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo akairudisha Kiingereza, tukaziweka mbili pembeni kwa pembeni tukalinganisha, njia ambayo Richard Brislin aliieneza kwenye miaka ya 1970. "Zaidi ya nusu ya siku" ilirudi safi kabisa. Kwanini isirudi? Aliyeirudisha naye ni msomi, kajaza fomu za namna hii toka chuo, akiona "nusu ya siku" kichwa chake kinajirekebisha chenyewe. Yaani tulikuwa tunapeana mpira watu wawili tunaojua Kiingereza, na mama mwenye miwani juu ya paji la uso hayumo uwanjani.

Nikaanza kuzunguka na ile fomu kwa namna nyingine. Mtu anajibu, alafu namwomba aniambie kwa maneno yake swali limeuliza nini, na jibu lake kalipataje. Wataalamu wana jina la heshima la kitu hiki, mi naita tu kumuuliza mtu kaelewa nini. Watu kumi tu, wakati mwingine watano, wanatosha kukuvunja moyo.

Kijana wa pili kwenye orodha yangu, macho mekundu, anajibu "hata kidogo" kila swali. Hata kidogo, hata kidogo, hata kidogo. Nikasema huyu ananificha. Mwisho nikamuuliza, ndugu yangu, mbona unaonekana huko sawa? Akaniambia, "We si umeniuliza wiki mbili zilizopita? Wiki mbili zilizopita nilikuwa poa kabisa. Ni hii ndo imenimaliza."

Nilicheka kwa aibu. "Wiki mbili zilizopita". Mtu akikuambia alisafiri wiki mbili zilizopita unajua kabisa anaongelea siku moja kule nyuma, na sisi tulitaka kipindi chote kuanzia kule mpaka leo. Maneno matatu, fomu nzima imekufa, na kijana anayehitaji msaada kuliko wote siku ile angetoka na alama sifuri. Sasa hivi tunaandika "kuanzia leo kurudi nyuma siku 14", na kabla ya swali la kwanza tunamtajia mtu ile siku yenyewe, Jumanne ya wiki juzi, anaikumbuka kwa kitu kilichotokea. Na yale majibu tukayaandika upya: hakuna siku hata moja, siku chache, zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14, karibu siku zote. Ni marefu, hayapendezi, mbunifu wa fomu alinuna kwa sababu hayaingii kwenye visanduku vyake. Anune.

Nilipoanza kutafuta makosa nikawa nayaona kila mahali, kama mtu aliyenunua viatu anavyoanza kuangalia viatu vya watu.

Chukua maswali ya ndiyo na hapana, ambayo kwa haraka yanaonekana ndo salama. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lao la maswali 20 la ndiyo na hapana, zuri tu, linauliza kuhusu siku 30. Lakini hebu jaribu kuuliza kwa kukanusha: "Je, huna hamu ya kula?" Mmoja anajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, sina. Mwingine anajibu "hapana" akimaanisha hapana, sina. Wote wawili hawali! Mmoja kapata alama, mwingine kakosa. Kwenye Kiswahili cha kila siku tunaelewana kwa sababu mtu anaongezea, ndiyo sina, hapana ninayo, ila karatasi haikupi nafasi ya kuongezea, ina kisanduku tu. Dawa ni ndogo: "Je, hamu yako ya kula imepungua?" Hapo hakuna "hu" wala "si", mtu anajibu anachojua.

Alafu kuna ile mbinu ya kupindua maswali. Watu wana tabia ya kukubali kubali tu, hasa wakichoka au wakitaka kukufurahisha, kwaiyo watengenezaji wanachomeka sentensi chanya katikati ili mtu asiweke tiki upande mmoja mpaka mwisho. Dodoso la CES-D la 1977, nalo la sonona, lina sentensi 20 na nne kati yake ziko hivo, chanya, alama zake zinahesabiwa kinyume. Wazo zuri. Moja kati ya hizo nne inasema, kwa maana, kwamba mtu alijiona yuko sawa na wenzake, hajioni duni. Nimewahi kuikuta imetafsiriwa "nilijiona mzuri kama watu wengine". Dada niliyemsomea akajishika nywele akasema leo hapana, hata sijachana.

Nilimwelewa kabisa. Mzuri ni mzuri.

Na vipepeo! Kuna dodoso la hospitalini la wasiwasi na sonona, HADS, la Zigmond na Snaith, 1983, lina maswali 14. Moja linauliza kuhusu ile hofu inayokuja kama vipepeo tumboni, msemo wa Waingereza. Mtu akakitafsiri kama kilivyo. Unamsomea mtu mzima mwenye akili zake, je unajisikia kama una vipepeo tumboni, anakuangalia, anakuuliza taratibu, hivyo ni minyoo au? Na yeye yuko hospitali, kwaiyo analichukulia swali kwa uzito wote, anaanza kukueleza choo chake. Sisi Kiswahili tunacho cha kwetu, tumbo joto, kila mtu anakijua, mtihani ukikaribia watu matumbo joto. Nikapendekeza hicho nikijiona mjanja, mpaka tukafika kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo, wakasema ndiyo, tena sana, hasa nikiwa sijala. Tukarudi mezani. Tukaishia na sentensi ya kawaida isiyo na msemo wowote: hofu inakushika ghafla mpaka tumbo linavurugika. Haina utamu ila hakuna aliyeuliza minyoo.

Hilo la tumbo linagusa kitu kikubwa zaidi ambacho nadhani kinapuuzwa. Mwili. Hao hao wa HADS waliyaacha kwa makusudi maswali mengi ya mwili, kwa sababu mgonjwa wa hospitali anachoka na kukosa usingizi kwa ugonjwa wake, sio lazima iwe sonona. Na wale waliotengeneza dodoso la Edinburgh la mama waliojifungua, mwaka 1987, maswali 10, waliona hivohivo: ukimuuliza mama mwenye kichanga kama analala vizuri unajitafutia jibu la bure. Wakauliza kama anakosa usingizi kwa sababu hana furaha. Ni maneno machache tu yameongezwa lakini yanambeba mtu kutoka kwenye uchovu wa kulea mpaka kwenye kitu unachokitafuta.

PHQ-9 halina kinga hiyo. Weka watu wawili. Wa kwanza usingizi 3, uchovu 3, kula 2, umakini 2. Jumla 10. Wa pili kukosa hamu 2, huzuni na kukata tamaa 3, kujiona hafai 3, na mawazo ya kufa 2. Jumla 10. Kwenye jedwali ni mapacha. Wa kwanza anaweza kuwa ana shida ya tezi ya shingoni au upungufu wa damu au mtoto mchanga, wa pili hutakiwi kumwacha atoke mlangoni bila kuongea naye. Ndo maana nikiona ripoti imeandika jumla tu bila jibu la kila swali huwa naifunga.

Kuna na hesabu ya kuchuja, niipitie haraka kwa sababu watu wengi wanaiogopa bure. Kwenye utafiti ule wa PHQ-9 wa 2001, ambao wagonjwa 580 kati ya 6,000 walihojiwa upya na wataalamu, kikomo cha 10 kiliwanasa 88 katika kila wagonjwa 100 wenye sonona, na kiliwaachia 88 katika kila 100 wasio nayo. Nzuri eh? Sasa peleka mahali penye watu 1,000 na tuseme 100 ndo wana sonona kweli. Utawanasa 88. Katika wale 900 wazima utawashika kimakosa 108. Yaani kwenye foleni ya watu 196 uliowaita, zaidi ya nusu hawana. Na hii ni dodoso likiwa kwenye hali yake bora, maneno yameeleweka, hakuna masaa wala minyoo. Kwaiyo mtu anayejaza kwenye simu usiku peke yake, anapata 12, anajitangazia kwamba ana sonona, naomba atulie kwanza. Hiyo ni tiketi ya kwenda kuongea na mtu.

Na neno sonona lenyewe, sijawahi kumsikia mtu akilitumia nje ya ukumbi wa semina. Watu wanasema nina mawazo. Moyo mzito. Sijiskii. Roho inaniuma. Wengine watasema "stresi" wakimaanisha kila kitu kuanzia foleni mpaka kutaka kufa. Kule Zimbabwe walilichukulia hili jambo kiume, wakaanza upande wa pili: Vikram Patel na wenzake kwenye miaka ya 1990 waliwasikiliza kwanza watu wanavyosema kwa Kishona, na kutokana na maneno hayo ndo wakajenga dodoso la maswali 14. La kwanza kabisa linahusu kuwaza kupita kiasi, kufungisisa wanaita wao. Ukiwaza ni kilekile mtu wetu anachokisema akisema nina mawazo. Tumezoea kubeba swali la nje na kulitafutia nguo za Kiswahili, wao walianza na mwenye maumivu anavyojieleza. Wivu naona.

Swali la tisa nimeliacha mpaka huku chini kwa sababu ndo linaloninyima raha. Linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni bora ungekufa, au ya kujidhuru. Kwanza yamefungwa mambo mawili kwenye swali moja, mzee mmoja mgonjwa aliniambia kufa natamani, Mungu anichukue nipumzike, ila kujidhuru abadani, sasa niandike nini? Pili, kuna wanaoogopa kuliuliza wakidhani watampa mtu wazo. Tafiti hazioneshi hivo, kumuuliza mtu hakumsukumi, na wengi niliowauliza walishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Ila ukiuliza, uwe umejiandaa kusikia. Kwenye mradi mmoja wa zamani fomu za karatasi zilikuwa zinaingia kwenye boksi, boksi linafunguliwa Ijumaa. Nilikuwa nafungua mimi. Nikakuta fomu ya Jumatatu, mwandiko wa kukandamiza kalamu, swali la tisa tiki kwenye "karibu kila siku". Siku nne! Mtu katuambia hataki kuishi, kaliandika, kalikunja vizuri, katumbukiza kwenye boksi, na sisi tukaenda nyumbani kulala. Tulimpata, yupo, tuliongea naye jioni ileile. Kitu cha kwanza aliniambia ni kwamba alidhani tumesoma tukaona halina maana. Sasa hivi dodoso lolote nikiambiwa nisaidie, kabla sijasoma swali la kwanza nauliza la tisa likipata tiki nani anapigiwa, saa ngapi, na kama hayupo je. Wakiwa hawana jibu, naomba swali litolewe mpaka walipate. Wapo wanaonikasirikia.

Wiki hii tuko kwenye swali la sita, la mtu kujiona amefeli au amewaangusha watu wake. Toleo la tatu tuliandika "kujiona mzigo kwa familia". Jana nililisoma kwa watu watano. Watatu wamelielewa kama tulivyotaka. Mmoja alisema hapana, yeye ndo anabeba mzigo, wengine ndo mzigo. Wa tano, binti wa miaka kama ishirini, alikaa kimya, alafu akaniuliza kama akijibu ndiyo kuna mtu wa nyumbani ataona. Nikamwambia hapana. Akasema basi rudia kusoma. Kesho asubuhi tunakaa tena, nataka mstari wa faragha upande juu kabisa, kabla ya swali lolote, kwa herufi kubwa, na mbunifu wetu keshaanza kusema hakuna nafasi.